Abiria Mzito wa Kumaludan

Siku tatu kabla ya safari, Bibi Adyuba alifunika pipa la kwaka, akaweka jiwe juu ya kifuniko, akatangaza kwamba tangu saa hiyo nyumba yake inakula samaki tu.

Hakuna aliyeuliza sababu. Kumaludan nzima inajua kwamba kwaka, muhogo wetu uliokaangwa chengachenga, huvimba tumboni, na tumbo lililovimba ni mzigo. Wanasema kule ng'ambo ndege ni kubwa na hupima masanduku peke yake. Kwetu ndege ina injini moja na viti vichache, kwa hiyo Aduengi, msimamizi wa kiwanja, hupima kila kitu: sanduku, kapu, kuku na mwenye kuku. Unapanda kwenye mizani mbele ya watu wote na kila ulichobeba, naye anauita uzito wako kwa sauti kama anauza nguruwe mnadani. Mtu na mzigo wake wasizidi kilo tisini. Mwembamba hubeba makapu. Mnene hubeba mswaki.

Ndiyo maana anayesafiri Jumanne huanza kujipunguza Jumamosi. Hali muhogo, hali wali, hali ndizi. Anakula samaki wa kuchemsha na kunywa mchuzi wake, hasa anyumara, yule mkubwa mwenye meno anayekula samaki wenzake. Samaki ni mwepesi. Asingekuwa mwepesi angezama.

Bibi Adyuba hakuwa anakwenda mjini kutembea. Alikuwa anampeleka mjukuu wake, Moina, msichana wa miaka saba, ambaye mikono yake ilikuwa inatetemeka. Ilianza na kikombe. Kikafuata kijiko, halafu vifungo vya gauni. Mama yake alikuwa ng'ambo ya mpaka anapikia wachimbaji wa dhahabu, hivyo yote haya yalikuwa ya bibi. Mganga wa zahanati aliishika ile mikono, akaitazama, akaiachia, ikaendelea.

"Mpeleke hospitali kubwa," alisema. "Usingoje mvua."

Bibi hakuhitaji kuelezwa zaidi. Mtoto wa nyumba ya pili alianza hivyohivyo mikononi. Kutetemeka kukashuka miguuni, kisha kukapanda hadi ulimini. Siku hizi hukaa mlangoni akitazama kuku, na ukimwita jina lake anageuka baada ya muda mrefu, kama mtu anayeitwa kutoka ng'ambo ya mto.

Jumapili alikuja Norina, wifi yake Bibi Adyuba, mwanamke mwenye sauti na makapu. Norina alikuwa amepanda ndege mara nyingi kuliko mtu yeyote pale kijijini, naye alikuwa msafiri wa Jumanne hiyohiyo, akipeleka karanga za kusaga kwenye soko la mjini.

"Wifi, nisikilize vizuri, maana kule juu hakuna wa kumuuliza," alisema, akijikalia kwenye kigoda bila kukaribishwa. "Pamba masikioni. Tangawizi chini ya ulimi. Limau mkononi. Ukisikia tumbo linapanda, nusa limau. Likizidi kupanda, kuna mfuko wa karatasi. Na usitazame dirishani mkiwa mawinguni."

"Kwa nini?"

"Ukitazama utajua kwa nini."

"Na mtoto akae wapi?"

"Katikati. Nyuma kunatikisika kama ungo. Mbele unamwona rubani anavyotoka jasho, unakosa imani. Na visu usipakie, petroli usipakie, samaki wa moshi usimfunge kwenye gazeti."

"Unajua mengi, wifi, kwa mtu aliyetapika kwenye kofia ya mchungaji."

"Alinipa mwenyewe, kwa hiari yake!" Norina alisema. "Haya, nipakulie. Si samaki lakini."

Norina hakuwahi kula samaki wa mtoni maisha yake yote. Ulikuwa mwiko wa upande wa baba yake, na mwiko wa baba hauvunjwi kwa ajili ya mizani. Akapakuliwa wali na maharage, akala sahani mbili, huku Bibi Adyuba akimtikisia kichwa.

"Aduengi atakuaibisha Jumanne."

"Na aniaibishe. Mzigo wangu nauweka kwa huyu hapa," Norina alisema, akimfinya Moina mkono mwembamba kama ufito. "Mtoto huyu ana nafasi ya makapu matatu."

Hakuwa peke yake kuliwaza hilo. Kwetu mtoto mwembamba anayesafiri ni sanduku la kijiji. Jioni ile watu walikuja mmoja mmoja na vifurushi: kwaka ya kumpelekea dada, dawa ya mizizi ya kumpelekea mjomba mwenye mgongo, bembea mpya ya kulalia ya bwana harusi. Wote walimtazama Moina alivyokonda, wakafurahi.

Ilikuwa Jumapili hiyohiyo kamba ya bembea ya Moina ilipokatika, akaanguka sakafuni na mbao mbili zikavunjika. Bibi alichukua kamba ya kufungia mtumbwi, akamfungia upya. Asubuhi aliona kwamba nyayo za mtoto uani zilizama kwenye udongo mkavu hadi kifundo cha mguu, akazifukia kwa jembe ili watu wasijikwae. Mambo ya namna hiyo yalikuwa yamekwisha kuzoeleka upande wa chini wa kijiji. Basia Tembai, msaidizi wa chifu, alikuwa amebadilisha ngazi ya nyumba yake mara mbili tangu mapampu ya kuchimbia dhahabu yasimikwe mtoni, juu ya maporomoko, na maji yageuke rangi ya chai ya maziwa. Watu wa upande wa chini walikuwa wazito. Hivyo ndivyo walivyokuwa. Wakala samaki zaidi ili wapungue.

Jumanne asubuhi mwenye mtumbwi alimvusha Moina peke yake hadi upande wa kiwanja, akamweka katikati kabisa, maji yakibakiza upana wa kidole kufika ukingoni. Kisha akarudi kuwachukua wengine wote kwa mkupuo mmoja.

Kiwanja chetu ni mstari wa udongo mwekundu uliochongwa msituni. Mwanzoni mwake kuna kibanda cha Aduengi, na mwishoni kuna miti. Mizani ilikuwa chini ya kibanda, ile ya zamani ya kupimia magogo, yenye jukwaa la chuma, mkono mrefu na mawe ya kuning'iniza. Wa kwanza alikuwa Bwana Valdo, mwenye mapampu, mtu mpole anayenukia sabuni, na vijana wake wawili waliokuwa wanakwenda likizo. Wakapimwa, wakapita. Akapanda Norina na kapu moja, akiwa amebana pumzi kana kwamba pumzi nayo inalipiwa.

"Themanini na nne!" aliita Aduengi.

"Na sahani mbili za wali ndani!" Norina aliwageukia watu. "Mmesikia? Themanini na nne!"

Akapanda Bibi Adyuba, ambaye kwa macho ungedhani unaweza kumweka begani kama kitenge. Aduengi akaning'iniza jiwe, mkono haukuinuka. Akaongeza la pili.

"Mia na hamsini na tano."

"Umetoa viatu, Bibi?" aliuliza mmoja wa foleni.

"Nimetoa."

"Ongeza samaki," alishauri mwingine. "Muhogo bado haujatoka."

Kisha akapanda Moina. Jukwaa liliguna. Aduengi alining'iniza mawe yake yote, akaomba jiwe la mlango wa kibanda, akaning'iniza na lenyewe, na mkono ukainuka polepole, ukasimama. Akapiga hesabu kwa vidole.

"Mia mbili na arobaini," aliita, kwa sauti ya kawaida.

Foleni iliinamisha macho. Si kwa mshangao. Walikuwa wanatazama vifurushi vyao. Mwenye bembea ya bwana harusi alikuwa wa kwanza kuchukua chake, akafuata mwenye dawa ya mgongo, na kabla ndege haijasikika Moina alikuwa amesimama peke yake na kibegi chake cha nguo mbili.

Ndege ikatua. Rubani Ramdjan akashuka, akapangusa miwani, akafungua mlango wa mizigo. Wakashusha mchele, bia, mlango wa choo, na mzigo wa Bwana Valdo: chupa za chuma za zebaki ya kunasia dhahabu, kila moja fupi kuliko mkono kutoka kiwiko hadi vidole, na kila moja mbebaji aliikumbatia kwa mikono miwili akatembea nayo kama anabeba tofali la jengo. Zilikuja kila wiki. Zilikuwa na nafasi yake ya kudumu, nyuma ya kiti cha rubani, maana Bwana Valdo alikuwa mteja mzuri. Wabebaji wakazipeleka gatini, kwenye mtumbwi wa kwenda juu ya maporomoko.

Ramdjan alisoma alichoandika Aduengi.

"Mia mbili arobaini ni nani?"

"Yule pale mwenye utepe mwekundu."

Ramdjan alimtazama Moina. Akatazama magurudumu. Akatazama upande wa kaskazini, ambako wingu lilikuwa linajikusanya, jeusi chini na jeupe juu.

"Hapana," alisema. "Miti ile pale siwezi kuivuka na hiki kijiji chote kwenye kiti kimoja. Mmoja wao abaki. Bibi au mtoto."

"Mtoto akibaki, mimi naenda kufanya nini?" alisema Bibi Adyuba. "Na mimi nikibaki, yeye nani atamjibia daktari?"

"Bibi, sikuiumba hii ndege."

"Basi wengine washuke."

Macho yakamgeukia Bwana Valdo. Alivua kofia kwa heshima.

"Mama, ningekuwa na nafasi ningekupa," alisema. "Lakini mimi nina miadi benki, na hawa vijana wana mwaka hawajaona wake zao. Wiki ijayo, Mungu akipenda."

"Wiki ijayo mvua," alisema Bibi.

"Mvua ni ya Mungu pia."

Norina alikohoa. Alitazama kapu lake la karanga, akamtazama wifi yake, akatazama tena kapu.

"Nimevaa nguo ya mjini tangu alfajiri," alisema. "Nimesuka nywele. Watu wa sokoni wameniwekea meza." Akalishusha kapu chini. "Haya! Nashuka kabla sijapanda. Lakini wifi, ukirudi, mwaka mzima kila nikija kwako ninyweshwe kahawa, na habari ya kofia ya mchungaji isisikike tena!"

"Haitasikika."

Ramdjan akapiga hesabu upya. Bado. Wakatoa magunia ya matunda yaliyokuwa yaende sokoni. Bado. Wakatoa kibegi cha Moina, na kapu la Bibi lenye tangawizi na limau. Bado. Wingu likawa limekaribia kiasi cha kusikika. Ramdjan akaanza kufunga mlango wa mizigo, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyekwisha amua.

Bibi Adyuba hakupiga kelele. Alichukua kikombe cha maji cha Aduengi kilichokuwa juu ya pipa, akakijaza, akampa Moina.

"Mpe Kapteni maji. Ana kiu."

Moina alikishika kwa mikono miwili, akaanza kutembea. Kutoka kibandani hadi kwenye bawa ni mwendo mfupi. Alitembea taratibu, ulimi nje kwa bidii, udongo ukizama chini ya kila hatua yake, na maji yakaruka kulia, yakaruka kushoto, yakamlowesha gauni. Alipofika, alimwinulia rubani kikombe kitupu.

"Shikamoo," alisema. "Maji."

Ramdjan alikipokea. Alikitazama ndani kwa muda. Kisha akakirudisha, akaenda chini ya bawa, akafungua koki, akaanza kumwaga mafuta ya ndege kwenye pipa.

"Nikipunguza haya, kulizunguka lile wingu siwezi," aliwaambia abiria bila kugeuka. "Itabidi tupite katikati. Asiyetaka aseme sasa."

Bwana Valdo, ambaye hujulikana kote mtoni kwa kutapika hata siku ya jua, alilitazama wingu. Lakini benki ni benki. Akapanda.

Walimweka Moina kiti cha katikati. Miguu ya kiti ilididimia kidogo kwenye sakafu, ikatulia. Ramdjan akamfunga mkanda wa abiria, na juu yake mkanda wa mizigo, akampa pamba za masikio. Bibi alikaa kando yake, akamshika mikono yote miwili katikati ya viganja vyake, kama mtu anayeshika ndege mdogo asiruke.

Injini ikanguruma. Watu wa kwetu, ndege inapoondoka, huinama mbele, inasaidia. Wote mle ndani wakainama. Hata waliobaki kiwanjani waliinama, Norina akiwa na kapu kichwani. Ndege ikakimbia. Ikapita kibanda, ikapita jiwe jeupe ambapo huwa inanyanyuka, ikaendelea kukimbia. Ikapita jiwe la pili, lililowekwa kwa ajili ya siku mbaya. Miti ikawa mikubwa. Mmoja wa vijana wa Valdo alianza kusali kwa lugha yao, akasahau katikati, akaanza upya. Bibi Adyuba aliinama hadi paji la uso likagusa kiti cha mbele. Ndipo udongo ulipoacha kugonga chini ya magurudumu. Matawi yakakwaruza tumbo la ndege kwa muda mrefu, kama kucha kwenye bati, kisha yakaacha. Walitua mjini na majani mabichi kwenye magurudumu.

Lakini kabla ya hapo kulikuwa na wingu. Liliwameza mchana, kukawa giza. Mvua ikapiga vioo, radi ikapasuka kushoto, ikapasuka kulia, na Ramdjan akakaza mikono kwenye usukani akingoja pigo la kwanza, lile ambalo huwaning'iniza abiria kwenye mikanda na kumwaga kila kilicho matumboni.

Halikuja.

Ndege ilipita mle ndani kama pasi juu ya nguo. Upepo uliwagonga, ukasikika ukiwagonga, lakini ndege haikusogea. Ramdjan alilegeza mkono mmoja. Baadaye alimimina chai kutoka kwenye chupa yake, akakiweka kikombe mbele yake, na chai ikakaa imetulia hadi ukingoni. Aligeuka nyuma kuangalia. Bwana Valdo alikuwa amelala, mdomo wazi, mfuko wa karatasi umekunjwa vizuri mapajani. Vijana wake walikuwa wamelala. Ramdjan akamtazama Moina, aliyekuwa macho, amekaa wima katikati ya ndege, kisha akatazama tena chai.

Hospitali kubwa iko ng'ambo ya pili ya mji. Walifika mchana, wakakaa kwenye benchi la saruji, ambalo Bibi alilichagua kwa sababu la mbao lisingewahimili. Walipoitwa, muuguzi alimsimamisha Moina kwenye mizani ya sindano. Sindano iliondoka sifuri, ikapanda, ikazunguka uso wote wa mizani, ikapita sifuri tena, ikazunguka, ikaja kusimama kwenye kumi na nane.

"Kumi na nane," alisema muuguzi, akaandika. "Anakwenda vizuri na umri wake, ila mwembamba."

"Imezunguka," alisema Bibi Adyuba.

"Huwa inazunguka, mama. Tunaandika pale inaposimama."

Daktari alikuwa kijana mwenye adabu. Alimwambia Moina anyooshe mikono. Moina akanyoosha. Ikatetemeka.

"Ameogopa," alisema daktari. "Watoto wa mtoni hawajazoea koti jeupe."

"Nyumbani hakuna koti jeupe, na inatetemeka."

"Basi kuna kitu kingine kinachomwogopesha." Alitabasamu. "Anakula nini?"

"Samaki."

"Vizuri sana."

Bibi akaeleza habari za mapampu, rangi ya maji, na mtoto wa nyumba ya pili. Daktari alisikiliza hadi mwisho. Alisema kipimo cha damu cha namna hiyo hupelekwa nchi za nje, na majibu yake humfuata mgonjwa anayeishi mjini tu. Maji ni ya wizara nyingine. Akaandika dawa ya minyoo na vitamini, na kadi ya kurudi baada ya wiki nne, aone kama mikono imezoea.

Kwenye kiwanja kidogo cha mjini, Ramdjan alikuwa anawangoja. Bwana Valdo alikuwa naye, amenyoa, uso umechangamka.

"Mama," alisema Valdo, "tangu nianze kazi hii sijawahi kufika mjini na chakula changu tumboni. Nimeongea na Kapteni."

Ramdjan alipangusa miwani. "Nimeazima injini yenye nguvu zaidi," alisema. "Nataka mtoto asafiri nasi kila Jumanne. Kuja na kurudi, bure. Kiti chake ni kilekile."

"Kila Jumanne mjini?" aliuliza Bibi.

"Kila Jumanne."

"Ana kadi ya kurudi hospitali."

"Hospitali iko mjini," alisema Ramdjan, na hilo lilikuwa kweli.

Bibi Adyuba alifikiri. Nauli ya wiki nne zijazo hakuwa nayo, na sasa nauli ilikuwa imekuja yenyewe na kuvua kofia. Akakubali.

Basi ikawa hivyo. Kila Jumatatu jioni Bibi anapakia kibegi: gauni safi, mswaki, kadi ya hospitali juu kabisa. Majuma ya kwanza alisafiri na mtoto. Kisha ikaonekana mzito mmoja anatosha, na kiti cha Bibi kikapewa masanduku ya Valdo. Mjini ndege hukaa kiasi cha kupakia mizigo na kuwasha injini, na Moina akishuka pua ya ndege huinuka na mkia hugusa chini, kwa hiyo hashuki. Ramdjan si mtu mbaya. Humletea aiskrimu hapohapo kwenye kiti, na mara mbili aliipigia simu hospitali kuuliza kama daktari anaweza kuja uwanjani. Daktari hawezi kuja uwanjani. Kadi ikafika tarehe yake, ikapita, na Bibi akaendelea kuiweka juu kabisa.

Habari huenda haraka mtoni. Wafanyabiashara, watu wa serikali, wazungu wa kupiga picha vipepeo, wote wakawa wanauliza kabla ya kukata tiketi, "Mtoto yupo?" Akiwepo, nauli ni nyingine. Kampuni nyingine ya ndege ikamchukua Basia Tembai kwa Alhamisi. Yeye anaipenda kazi, amenunua miwani ya jua. Foleni ikawa ndefu kwa Aduengi, naye akabadilisha utaratibu: watu wa upande wa chini wa Kumaludan hawapimwi tena pamoja na abiria. Wanaandikwa upande wa ndege, pamoja na injini na magurudumu.

"Sasa wifi umekuwa mama wa kipuri," Norina alimwambia Bibi Adyuba, akinywa kahawa ya ahadi yake. Bibi hakucheka, na Norina akaiweka kahawa chini.

Wenye safari bado huanza kula samaki Jumamosi.

Mvua zilipokolea, kutetemeka kulishuka miguuni. Halikuwa jambo la kuonekana mara moja kwa sababu Moina hutumia siku yake ya safari amekaa. Ramdjan aliliona, akaongeza mkanda wa tatu, laini, wenye sifongo, ili visigino visigonge sakafu na kuwaamsha wateja. Bibi alimwambia, "Kapteni, ikifika ulimini hairudi." Ramdjan akasema anajua, na kwamba Jumanne ijayo atajaribu kuchelewesha kujaza mafuta, wapate nafasi ya kwenda hospitali kwa teksi. Ilipofika Jumanne hiyo, Bwana Valdo alikuwa na miadi.

Jumanne ya juzi wingu lilikuwa kubwa kuliko yote ya msimu. Nyuma ya kiti cha rubani chupa za zebaki zilikuwa mahali pake, zikielekea kwetu. Radi ilipiga pande zote, na upepo uliing'oa miti mizima ukingoni mwa mto, lakini ndani ya ndege watu walivua viatu, wakajifunika mablanketi, wakalala. Mama mmoja wa mjini, aliyekuwa anasafiri kwa mara ya kwanza, alimwinamia Moina akamuuliza jina lake. Moina alifungua mdomo. Alilianza jina lake, akalianza tena, halafu akamwonyesha kwa mkono lilipoandikwa kwenye kibegi.

"Mwenye haya huyo," alisema yule mama, akamfunika blanketi hadi kidevuni, akaegemea kiti chake, akafumba macho. Chai ya Ramdjan ilikuwa imejaa hadi ukingoni na haikuwa na hata wimbi. Kitu pekee kilichotikisika ndani ya ndege ile kilikuwa blanketi la Moina.